Namna ya Kuunda Modeli ya Emulsheni Kabla ya Kuihamishia Kwenye Tangi la Kiwanda

Losheni ya mafuta ya nazi iliyotoka laini na nyeupe katika bika ya lita moja maabarani inaweza kuanza kutenganisha mafuta juu ya chupa ndani ya wiki chache inapotengenezwa kwa fomula ile ile katika tangi la lita 1,000. Fomula haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ukubwa wa vitone vya mafuta, na ukubwa huo hutegemea jinsi nguvu ya mota inavyogawanywa ndani ya mchanganyiko. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuunda modeli itakayotabiri ukubwa wa vitone kabla malighafi ya bachi nzima haijamwagwa ndani ya tangi. Mfano tutakaoufuata ni emulsheni, yaani mchanganyiko wa vitone vya kimiminika kimoja ndani ya kingine: losheni ya mafuta ndani ya maji yenye asilimia 20 ya mafuta kwa ujazo, lakini njia ni ile ile kwa sosi za saladi, rangi za maji na dawa za kupaka.

Swali ambalo modeli itajibu

Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, andika kwa sentensi moja uamuzi unaosubiri jibu. Kwa mfano: je, mota ya kilowati 11 iliyopo kwenye tangi inaweza kutoa vitone vyenye wastani usiozidi mikroni 20, na kama inaweza, ni kwa mizunguko mingapi kwa dakika na kwa muda gani? Wahandisi wengi huanza na programu ya kuiga mtiririko kwa kompyuta, wakapata picha za rangi zinazovutia wageni wa kiwanda, kisha wakashindwa kumwambia opereta aweke namba gani kwenye kidhibiti cha mwendo. Kwa maoni yangu programu hiyo ina nafasi yake, lakini haistahili kuwa hatua ya kwanza.

Kipimo kinachotabiriwa kwa kawaida ni wastani wa Sauter, unaoandikwa d32, ambao hupatikana kwa kugawanya jumla ya vipenyo vyote vilivyopigwa kipeo cha tatu kwa jumla ya vipenyo hivyo vilivyopigwa kipeo cha pili. Wastani huu unapendelewa kwa sababu unaunganisha ujazo wa mafuta na eneo la uso wake: eneo katika kila mita ya ujazo ya emulsheni ni 6φ/d32, ambapo φ ni sehemu ya mafuta. Pamoja na wastani, weka kumbukumbu ya vitone vikubwa zaidi, yaani kipenyo ambacho asilimia 90 ya ujazo wa mafuta iko chini yake, kwa kuwa vitone hivyo vichache vikubwa ndivyo hupanda juu kwanza.

Vipimo vinavyohitajika

Modeli inahitaji densiti na mnato wa kila upande, wa mafuta na wa maji, mvutano wa uso kati yao, sehemu ya mafuta, na vipimo vya chombo. Vyote vipimwe katika joto la kazi. Losheni huchanganywa kwa kawaida pande zote mbili zikiwa kwenye nyuzi 70 hadi 75 za Selsiasi, na mnato wa mafuta ya nazi hupungua kwa zaidi ya nusu kati ya nyuzi 30 na 70, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa kwenye joto la chumba kitaipotosha modeli tangu mwanzo.

Mvutano wa uso ndio unaosumbua zaidi. Mafuta ya mimea na maji safi huwa na mvutano wa karibu milinyutoni 25 kwa mita, na emulsifaya nzuri (kitu kinachofunika uso wa vitone ili visiungane) huushusha hadi 5 au chini ya hapo. Hata hivyo, kifaa cha maabara hupima uso uliotulia, ilhali ndani ya mashine uso mpya huzaliwa na kuchanika katika sehemu ndogo ya sekunde, kabla emulsifaya haijaufunika wote. Thamani halisi basi iko kati ya hizo mbili. Nafuu ni kwamba kipenyo hubadilika kwa kipeo cha 0.6 tu cha mvutano: kosa la asilimia 20 katika mvutano huzaa kosa la karibu asilimia 12 katika kipenyo. Kosa la mwendo wa mota lina uzito zaidi, kwa sababu kipeo chake ni 1.2. Kwa hiyo pima mizunguko kwenye shafti yenyewe kwa takometa wakati tangi limejaa, wala usiamini namba iliyochapwa kwenye kibati cha mota.

Mlinganyo wa kwanza

Msingi wa hesabu uliwekwa na mwanahisabati Kolmogorov katika Umoja wa Kisovieti miaka ya 1940 na kuendelezwa na mtafiti Hinze mwaka 1955. Ndani ya mtiririko wa msukosuko, kitone hupasuka pale ambapo tofauti ya shinikizo inayokigonga kutoka pande mbalimbali inaushinda mvutano unaokishikilia kiwe duara. Kipenyo kikubwa kinachoweza kudumu hupungua kadiri ya ε kwa kipeo cha −0.4, ambapo ε ni nguvu inayomezwa na kila kilo ya mchanganyiko, kwa wati. Kwa tangi lenye pangaboi, sheria hiyo huandikwa hivi:

d32/D = 0.053 (1 + 3φ) We^(−0.6), ambapo We = ρN²D³/σ

D ni kipenyo cha pangaboi, N ni mizunguko kwa sekunde, ρ ni densiti ya maji, na σ ni mvutano wa uso. Namba 0.053 ilitokana na majaribio ya Chen na Middleman yaliyochapishwa mwaka 1967, waliotumia pangaboi la aina ya Rushton (diski yenye mabapa wima pembeni) na mchanganyiko wenye mafuta machache sana. Mabano yenye φ huongezwa kwa sababu mafuta yanapozidi, msukosuko hufifia na vitone hugongana na kuungana. Chukulia 0.053 na 3 kuwa namba za kuanzia, ambazo utazirekebisha kwa majaribio yako. Kipeo cha −0.6 ndicho chenye mizizi katika fizikia.

Tuichukue bika yetu. Pangaboi lina kipenyo cha mita 0.05, linazunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde, na mvutano ni milinyutoni 5 kwa mita. Namba ya Weber, yaani We, inatoka 15,625, na kipenyo cha wastani ni karibu mikroni 8 kwa mafuta machache, au mikroni 13 tukiingiza asilimia 20 ya mafuta. Nguvu inayomezwa ni P = Np ρ N³ D⁵. Kwa pangaboi la Rushton katika chombo chenye vibao vya pembeni, Np, yaani namba ya nguvu ya pangaboi, ni karibu 5, kwa hiyo P ni takriban wati 24. Wati 24 ndani ya lita moja zinaonekana ndogo, na hapo ndipo hesabu za kiwandani huharibikia.

Kutoka lita 1 hadi lita 1,000

Tangi la lita 1,000 lenye umbo lile lile lina kila urefu mara kumi, hivyo pangaboi lake ni la mita 0.5. Kuna kanuni mbili zinazotumiwa sana, nazo hazikubaliani.

Kanuni ya kwanza ni kulinda mwendo wa ncha ya pangaboi. Katika bika ncha inakwenda mita 3.9 kwa sekunde, na ili tangi lipate mwendo huo huo pangaboi lizunguke mara 150 kwa dakika, likitumia kilowati 2.4. Mota ndogo inatosha na mhasibu anafurahi. Lakini nguvu kwa kila kilo imeshuka mara kumi, na kwa kuwa kipenyo hupanda kwa kipeo cha 0.4, vitone vinakuwa vikubwa mara 2.5, yaani karibu mikroni 32. Kwa mujibu wa sheria ya Stokes, mwendo wa kitone kupanda juu hukua kwa mraba wa kipenyo chake, kwa hiyo losheni hii itatenganisha mafuta kwa kasi zaidi ya mara sita kuliko ile ya bika. Hiyo ndiyo losheni inayorudishwa na wauzaji.

Kanuni ya pili ni kulinda nguvu kwa kila kilo. Hapo pangaboi linatakiwa kuzunguka mara 323 kwa dakika, na vitone vinabaki mikroni 13. Gharama yake ni kilowati 24 kwenye shafti, zaidi ya maradufu ya mota tuliyo nayo.

Kwa sababu hiyo napendekeza hesabu ianzie kiwandani na kushuka hadi maabarani. Mota ya kilowati 11, baada ya kutoa upotevu wa giaboksi na sili, inaweza kuingiza kilowati 8.8 hivi ndani ya mchanganyiko, sawa na wati 8.8 kwa kilo. Ili bika ifanane na hali hiyo, ishushe hadi mizunguko 1,070 kwa dakika. Modeli inatabiri vitone vikubwa mara 1.5 kuliko vya awali, yaani mikroni 19 au 20. Mkemia aiboreshe fomula yake katika mwendo huo, akibadili emulsifaya au kuongeza kinachozidisha mnato, na asiruhusiwe kuupandisha mwendo ili losheni ipendeze. Fomula iliyofaulu kwa mizunguko 1,070 ina nafasi nzuri ya kufaulu ndani ya tangi.

Muda nao haubaki ule ule. Pangaboi husukuma takriban 0.7ND³ ya mchanganyiko kwa sekunde, kwa hiyo katika bika ya mizunguko 1,500 lita yote hupita kwenye pangaboi kwa chini ya nusu sekunde, ilhali katika tangi la mizunguko 323 huchukua zaidi ya sekunde mbili. Uwiano ni mara 4.6, nao haubadiliki mradi nguvu kwa kilo ilindwe: kazi ya dakika 5 maabarani inahitaji kama dakika 23 kiwandani, hata kama nguvu kwa kilo ni ile ile.

Mahali ambapo sheria hii hukoma

Kila mlinganyo una mipaka yake, na modeli iliyo nzuri huikagua yenyewe kabla ya kutoa jibu. Ukaguzi wa kwanza ni namba ya Reynolds, ρND²/μ (μ ni mnato), ambayo inatakiwa kuzidi 10,000 hivi ili msukosuko uwe kamili. Mwanzoni mwa uchanganyaji, mnato ukiwa karibu na ule wa maji, bika yetu ya mizunguko 1,500 ina zaidi ya 60,000. Lakini losheni inapoanza kuwa nzito na kufikia mara mia ya mnato wa maji, namba hiyo inashuka hadi 625, na msukosuko kamili haupo tena. Tangi kubwa, kwa mnato huo huo na nguvu hiyo hiyo kwa kilo, bado lina zaidi ya 13,000. Maana yake ni kwamba bika na tangi viko katika hali mbili tofauti za mtiririko, na kipeo cha −0.6 hakiwezi kuviunganisha. Dawa yake ni kuigawa modeli kwa hatua: hatua ya kumwaga mafuta ikiwa bado nyepesi, na hatua ya mwisho baada ya kuwa nzito, kila moja na mlinganyo wake.

Ukaguzi wa pili ni ukubwa wa vimbunga vidogo kabisa ndani ya mtiririko, ambao Kolmogorov aliueleza kuwa (ν³/ε)^(1/4), ambapo ν ni mnato uliogawanywa kwa densiti. Katika bika yetu, kwa wati 24 kwa kilo na maji mepesi, ni karibu mikroni 14. Karibu na pangaboi, ambako nguvu imejilimbikiza mara nyingi zaidi ya wastani, ni mikroni chache tu. Vitone vya mikroni 13 viko mpakani kabisa. Vikiwa vidogo kuliko kimbunga kidogo kuliko vyote, havigongwi tena kutoka pande zote, bali huvutwa na kunyooshwa ndani ya kimbunga, na kipenyo hufuata ε kwa kipeo cha −0.5 pamoja na mnato wa kimiminika kinachovizunguka. Tumia mlinganyo huo wa pili hapo.

Kwa vyakula vizito kama mayonezi, ambayo mafuta yake mara nyingi ni asilimia 65 hadi 80, msukosuko usahaulike kabisa. Vitone hupasuliwa na mkato wenye nguvu, yaani tabaka za kimiminika kuteleza moja juu ya nyingine bila msukosuko, na kinachohesabiwa ni namba ya kapilari, yaani mnato wa nje mara kiwango cha mkato mara nusu kipenyo, kugawanywa kwa mvutano wa uso. Grace alionyesha mwaka 1982 kwamba katika mkato wa kawaida kitone hakipasuki tena mnato wake ukizidi takriban mara 4 ya mnato wa kinachokizunguka: kinazunguka tu mahali pake, hata ukiongeza mwendo. Anayeongeza kasi ya mashine katika hali hiyo anapasha moto emulsheni bure. Hapo badilisha joto la mafuta, au tumia mashine inayovinyoosha vitone kwa kuvipitisha kwenye mwanya mwembamba.

Mashine za rota na stata

Viwanda vingi vya losheni havitegemei pangaboi peke yake, bali mashine ya rota na stata, ambayo rota yake inazunguka ndani ya kizimba chenye matundu, kwa mwanya usiozidi milimita chache na ncha inayokwenda mita 10 hadi 25 kwa sekunde. Nguvu karibu yote humezwa katika ujazo mdogo wa mwanya na matundu, kwa hiyo wastani wa tangi zima haufai. Gawanya nguvu kwa uzito uliomo ndani ya kichwa cha mashine.

Mashine hii inapofungwa nje ya tangi na mchanganyiko kurudishwa humo kwa pampu, swali muhimu ni sehemu gani ya bachi haijapita hata mara moja. Kama tangi limechanganyika vizuri, sehemu hiyo ni e^(−n), ambapo n ni ujazo uliosukumwa ukigawanywa kwa ujazo wa tangi. Baada ya kusukuma mara 3 ya ujazo wa tangi, asilimia 5 bado haijaguswa. Baada ya mara 5, ni asilimia 0.7. Katika tangi la lita 1,000, asilimia 5 ni lita 50 za vitone vikubwa vilivyotapakaa katika chupa zote. Ndiyo sababu napenda njia ya tangi mbili, ambapo bachi yote hutoka la kwanza kupitia mashine hadi la pili: kila lita hupita, na modeli inakuwa nyepesi kwa sababu idadi ya mapito ni kamili.

Hesabu ya emulsifaya

Hatua hii ni fupi na mara nyingi huachwa. Kwa asilimia 20 ya mafuta na vitone vya mikroni 8, kila lita 1,000 za losheni zina uso wa mita za mraba 150,000. Emulsifaya za kawaida hufunika uso kwa miligramu 1 hadi 3 kwa kila mita ya mraba. Tukichukua 2, zinahitajika gramu 300 juu ya uso wenyewe. Ukitaka vitone vya mikroni 1, hitaji linakuwa kilo 2.4. Modeli ikitabiri vitone vidogo kuliko emulsifaya iliyopo inavyoweza kufunika, utabiri huo ni batili: vitone vitapasuka kisha vitaungana tena hadi uso ulingane na emulsifaya.

Kufuatilia vitone kwa idadi

Pale ambapo muungano wa vitone hauwezi kupuuzwa, au unapotaka mtawanyiko wote wa ukubwa na si wastani tu, tumia mlinganyo wa hesabu ya vitone. Gawa vipenyo katika madaraja 30 hadi 50, kila daraja likiwa na ujazo maradufu au chini kidogo ya maradufu wa lile lililotangulia. Kwa kila daraja andika mlinganyo mmoja wa mabadiliko kwa muda: vitone vinavyoingia kwa kupasuka kwa vikubwa, vinavyotoka kwa kupasuka vyenyewe, vinavyoingia kwa kuungana kwa vidogo, na vinavyotoka kwa kuungana na vingine. Kanuni za kupasuka na kuungana za Coulaloglou na Tavlarides, za mwaka 1977, bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Programu ya Python au hata lahajedwali inatosha. Katika kila hatua ya muda kagua kwamba jumla ya ujazo wa mafuta haibadiliki. Ikipungua hata asilimia moja, mgawanyo wa madaraja una kasoro na majibu yote ni ya kutupwa.

Namba za kupasuka na za kuungana zisitafutwe kwa pamoja kutoka jaribio moja, kwa kuwa kosa la upande mmoja hufichwa na kosa la upande wa pili, na modeli italingana na data yako huku ikiwa haina ukweli wowote. Fanya kwanza jaribio lenye asilimia 1 ya mafuta na emulsifaya nyingi, ambapo vitone karibu haviungani, upate namba za kupasuka. Kisha, kwa asilimia 20, chukua mchanganyiko uliotulia kwenye mwendo mkubwa, shusha mwendo ghafla hadi nusu, na ufuatilie ukuaji wa vitone. Vinapokua, vinaungana, na kasi ya ukuaji huo ndiyo inayokupa namba za kuungana.

Sampuli zenyewe zinahitaji uangalifu. Kitone hakisubiri mpimaji: chota mililita chache, ziingize mara moja ndani ya maji yenye emulsifaya kwa uwiano wa moja kwa kumi au zaidi ili vitone visiungane, kisha pima kwa mashine ya leza. Asiye na mashine hiyo apige picha za hadubini na kupima vitone mia kadhaa. Ni kazi ya kuchosha, lakini takwimu zake zinatosha kurekebisha namba 0.053. Chota kutoka juu na chini ya tangi, kwa sababu tofauti kati ya sampuli hizo mbili inaonyesha kama tangi limechanganyika kama modeli inavyodhani.

Baada ya tangi kuzimwa

Modeli ya uchanganyaji huishia pale mashine inapozimwa, lakini kwa mafuta ya nazi kazi haijaisha. Mafuta haya huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa iliyokaa stoo Dar es Salaam ina vitone vya mafuta ya maji maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali chupa hiyo hiyo ikifikishwa Nairobi mwezi wa Julai itapita usiku mwingi ikiwa na vitone vyenye fuwele. Fuwele hutokeza nje ya uso wa kitone na kutoboa kitone jirani, vikashikamana hata kama mgongano ni wa taratibu, na joto likipanda tena vinayeyukiana. Hakuna mlinganyo kati ya iliyoelezwa hapo juu unaoona jambo hili. Kwa hiyo, pamoja na utabiri wa ukubwa wa vitone, weka sampuli za kila bachi ya majaribio katika mzunguko wa nyuzi 15 na 35, upime d32 kila baada ya mizunguko michache, na uilinganishe na sampuli iliyokaa nyuzi 30 bila kuguswa. Ikiwa ile ya mzunguko inakua na hii haikui, rekebisha mchanganyiko wa mafuta kabla ya kugusa mwendo wa mota.